Kushusha giaboksi ya gari la kuvuta mbele ukiwa nyumbani: hatua kwa hatua, bila kuhatarisha maisha wala msimu



Kawaida hapa tunaongelea mbegu, mbolea, maji na bei ya mpunga. Leo tunaingia chini ya gari. Msishangae. Kwa mkulima wa biashara usafiri ni zana ya kilimo kama ilivyo pawatila au bomba la kupulizia. Probox ndiyo inaleta mbegu na dawa, inapeleka vibarua shambani asubuhi, inapeleka sampuli ya mchele kwa mnunuzi. Ikisimama wakati mpunga umekauka shambani, hasara yake si bei ya spea peke yake. Kuna siku za mpunga kupukutika, kuna ndege, na kuna mnunuzi aliyechoka kusubiri akaenda kwa jirani.

Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: klachi imekwisha, fundi kasema lazima giaboksi ishuke, je naweza kuishusha mwenyewe hapa nyumbani? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti. Mimi ni bwana shamba, diploma yangu ni ya kilimo. Haya ninayoandika nimeyashika kwa mikono nikiwa na mafundi wa hapa mjini, kwenye gari langu na magari ya wakulima wenzangu. Chukua kile kinachokufaa, na pale ninaposema usifanye, tafadhali usifanye.

Kwanza ujue gari lako linavutaje

Kwenye Hilux au Canter injini imelala kwa urefu, giaboksi iko nyuma yake, halafu propela shafti ndefu inapeleka nguvu kwenye difu ya nyuma. Kwenye gari la kuvuta mbele, mfano Probox, IST, Vitz au Passo, injini imelala kwa upana. Giaboksi imebanwa pembeni ya injini, na difu imo humo humo ndani ya giaboksi. Hakuna propela. Badala yake kuna shafti mbili fupi, moja kwa kila tairi la mbele.

Maana yake kwako ni hii: giaboksi haishuki mpaka shafti zote mbili zitoke, na shafti hazitoki mpaka ufungue sehemu ya miguu ya mbele. Ndiyo maana kazi hii ina bolti nyingi kuliko ya Hilux, ingawa giaboksi yenyewe ni ndogo.

Kuwa makini na Noah. Ile ya zamani ya SR40 inavuta nyuma, hizi zilizofuata kuanzia 2001 ndizo zinavuta mbele. Na kuna Probox za kuvuta miguu yote minne. Hizo zina propela ya kwenda nyuma, kazi yake ni ndefu zaidi na sizungumzii hapa.

Je, kweli giaboksi inatakiwa kushuka?

Hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinapotea. Giaboksi inashushwa, inapandishwa, na tatizo liko pale pale kwa sababu halikuwa huko. Kabla ya kushika spana fanya vipimo hivi.

- Gari likiwa gia ya tatu au ya nne ukakanyaga mafuta, injini inapiga kelele lakini mwendo hauongezeki, na unasikia harufu ya kuungua: klachi inateleza. Giaboksi ishuke.
- Gia zinagoma kuingia injini ikiwaka, lakini injini ikizimwa zinaingia vizuri: klachi haiachii. Usikimbilie kushusha. Angalia kwanza mafuta ya klachi kwenye kikombe chake, angalia kama masta silinda au slevu silinda inavuja. Slevu silinda iko nje ya giaboksi, inabadilishwa kwa bolti mbili tu.
- Kelele inatokea ukikanyaga pedeli ya klachi: hiyo ni rilizi beringi. Giaboksi ishuke.
- Kelele ipo gari likiwa frii, ukikanyaga pedeli inanyamaza: beringi ya ndani ya giaboksi. Giaboksi ishuke na iende kwa fundi wa mezani.
- Mlio wa tak tak tak unapokata kona: sivi jointi ya shafti. Giaboksi haihusiki kabisa.
- Oili inadondoka pale injini na giaboksi zinapokutana: inuse. Oili ya gia ina harufu kali kama ya kiberiti, oili ya injini haina. Zote mbili zinataka giaboksi ishuke, ila sili ya kubadilisha ni tofauti.

Kama gari lako ni otomatiki, na hasa kama ni Probox za toleo jipya la mwaka 2014 kuendelea zenye giaboksi ya CVT, ushauri wangu ni kuacha. Giaboksi ya otomatiki ni nzito zaidi, ina torki konveta iliyojaa oili ambayo lazima itoke pamoja nayo, na ukiikosea wakati wa kurudisha unavunja pampu ya oili ya ndani. Hapo umebadili tatizo la sili kuwa tatizo la giaboksi nzima. Maelezo yote yanayofuata ni ya gari la manyuo.

Wakati na mahali

Chagua wakati kama unavyochagua tarehe ya kusia mbegu. Klachi haifi siku moja. Inaanza kuteleza kidogo ukiwa na mzigo, wiki chache baadaye inateleza hata bila mzigo. Ukiona dalili mwezi wa pili au wa tatu, mpunga ukiwa umeshapandwa na mavuno bado, hapo ndipo pa kufanya kazi. Ukisubiri mpaka mavuno utafanya kwa haraka, na haraka chini ya gari ni hatari.

Tenga siku mbili na muwe watu wawili. Siku ya kwanza kushusha na kuangalia, ya pili kurudisha. Katikati mmoja anaweza kwenda Makambako au Mwanjelwa kutafuta spea. Ndiyo maana nasema usinunue kitu kabla hujaona kilichoharibika, labda klachi seti kama una uhakika nayo.

Mahali ndiyo sharti kubwa kuliko yote. Udongo wetu wa Usangu mnaujua. Ukikauka unapasuka, ukilowa unakuwa uji. Jeki iliyosimama vizuri saa 2 asubuhi inaweza kuwa imezama upande mmoja saa 6 mchana. Tafuta sakafu ya zege. Mashine nyingi za kukoboa hapa mjini zina uwanja wa zege wa kuanikia, na nje ya msimu uwanja huo uko wazi. Omba, lipa kidogo, kazi yako itakuwa salama. Ukikosa kabisa, chini ya kila jeki na kila stendi weka ubao mnene na mpana.

Usalama, soma hapa mara mbili

Hakuna kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Ikishanyanyua, gari likalie stendi za chuma pande zote mbili.

Hakuna tofali. Tofali la kuchoma linaonekana gumu, lakini likibebeshwa uzito sehemu ndogo linapasuka ghafla, halikupi onyo. Nimeona kwa macho yangu gari likishuka kutoka kwenye tofali hapa hapa kwetu. Kijana aliyekuwa chini alikuwa ametoka dakika hiyo kufuata spana. Gari lilikaa pale alipokuwa amelala. Huna stendi? Azima. Huna pa kuazima? Vipande vya magogo mazito vilivyokatwa bapa, vikapangwa viwili viwili kwa kupishana kama mtu anayepanga kuni za tanuru, vinashika kuliko tofali. Gari likishakaa, lisukume kwa mkono kutoka pembeni. Likicheza, shusha uanze upya. Halafu ingiza na yale matairi uliyotoa chini ya gari kama akiba.

Jambo lingine ambalo wengi hawalijui: kwenye gari la kuvuta mbele, gia inashika matairi ya mbele tu. Ukishanyanyua mbele, gia uliyoiacha imeingia haishiki kitu tena. Kinachoshikilia gari ni hendibreki ya nyuma, basi. Kwa hiyo vuta hendibreki, na weka vigingi vya mbao mbele na nyuma ya matairi ya nyuma. Watoto na kuku wakae mbali. Simu ya yule wa nje iwe na chaji.

Vifaa

Jeki ya troli, au mbili za chupa. Stendi mbili. Soketi seti kuanzia namba 10 mpaka 21, pamoja na soketi ya 30 ya nati ya shafti. Bomba la chuma la kurefushia mkono wa spana. Mtaimbo mdogo. Nyundo na tindo. Plaizi. Beseni la kukinga oili. Vitambaa safi. Makopo ya kuwekea bolti. Mnyororo na bomba imara la kuning'iniza injini, au jeki ya pili na ubao. Ukipata toki renchi, yaani ile spana inayopima nguvu ya kukaza, azima. Na simu ya kupigia picha.

Kwenye picha usione uvivu. Piga kila kitu kabla hujakifungua. Kwa bolti za giaboksi kuna mbinu nzuri: chora umbo la giaboksi kwenye boksi la karatasi, toboa matundu, kila bolti ichomeke pale ilipotoka. Bolti hizo urefu haulingani. Bolti ndefu ikiingia tundu la fupi inapasua alumini.

Hatua za kushusha

*Kazi ya chini, gari likiwa bado limekalia matairi.* Toa kifuniko cha katikati ya rimu. Nati ya shafti imegongwa sehemu moja ili isifunguke, inyanyue hapo kwa tindo. Mwenzako akanyage breki kwa nguvu, wewe legeza nati ya 30 kwa mkono mrefu. Legeza na nati za matairi. Ukinyanyua gari kwanza, nati hii itakusumbua mpaka jioni, na kuivuta kwa nguvu gari likiwa juu ya stendi ni kutafuta balaa.

*Kazi ya juu.* Fungua betri ukianza na waya wa hasi. Toa betri na sahani yake, halafu toa boksi la hewa na mpira wake. Sasa unaona giaboksi kwa juu, upande wa abiria. Chomoa soketi ya taa ya rivasi na ya spidi. Fungua waya wa athi uliofungwa kwenye giaboksi. Chomoa kebo mbili za gia, kumbuka ipi ilikuwa wapi. Slevu silinda ifungue bolti zake, ining'inize pembeni kwa waya bila kufungua bomba lake la mafuta. Kuanzia hapo mtu asiguse pedeli ya klachi, maana pistoni itaruka nje. Toa stata. Kisha toa bolti za juu zinazobana giaboksi na injini, uache mbili zikiwa zimelegezwa tu.

*Nyanyua na mwaga oili.* Gari likishakaa kwenye stendi na umelisukuma, toa matairi. Fungua nati ya chini ya giaboksi, kinga oili. Angalia sumaku iliyoko kwenye nati hiyo. Unga laini wa rangi ya kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole ni meno ya gia au beringi, hapo giaboksi inaenda kwa fundi wa mezani hata kama ulikuja kwa ajili ya klachi.

Na oili hiyo tafadhali isiende mfereji. Maji yale yanakwenda kwenye jaruba la mwenzako, na ziada yake inarudi mtoni. Weka kwenye dumu, funga. Wapo watakaoihitaji kwa kupaka nguzo za uzio.

*Shafti.* Maliza kutoa nati ya 30. Kama kuna waya wa ABS, ufungue kwenye kishikizo chake usivutike. Fungua tairodi endi. Boli jointi ya chini, kwenye Probox na Vitz nyingi imeshikwa na mkono wake kwa bolti moja na nati mbili, fungua. Mkono ukishuka, vuta habu nje, shafti itachomoka upande wa tairi. Ikigoma, rudisha nati kidogo usawa na ncha ya shafti, gonga juu ya nati kwa nyundo na kipande cha mbao katikati, ili usiharibu uzi.

Upande wa giaboksi ingiza mtaimbo kati ya giaboksi na jointi, piga mkupuo mmoja mfupi. Usivute shafti yenyewe kwa mikono. Jointi ya ndani inaachana ndani ya buti lake na utaongeza kazi. Ikitoka, ibebe kwa mikono miwili, usiikwaruze sili. Ziba matundu kwa kitambaa safi. Habu zikiwa hazina shafti, gari lisishushwe likatembezwa, beringi za matairi zitaharibika.

*Beba injini.* Giaboksi ikitoka, injini inabaki na mguu mmoja. Lazima uishike kwanza. Njia nzuri ni bomba la chuma lililolazwa juu ya kingo ngumu za pande mbili za boneti, na mnyororo ukishuka mpaka kwenye ndoano ya injini. Kamba ya katani au ya nailoni hapana, inanyooka. Njia ya pili ni jeki chini ya sampu, juu yake ubao mpana ili sampu isibonyee. Kaza mpaka uone injini imeanza kunyanyuka kidogo tu, simama hapo.

*Maunti.* Weka jeki ya troli chini ya giaboksi. Fungua maunti ya upande wa abiria, kisha zile za mbele na nyuma. Kwenye baadhi ya magari inabidi kushusha krosimemba. Kama reki ya usukani imefungwa juu yake, weka alama ya rangi kwenye shafti ya usukani kabla hujaitenganisha, na ufunge usukani usizunguke. Ukizunguka peke yake, utepe wa waya wa airbag ulioko ndani unakatika.

*Shusha.* Toa bolti mbili za mwisho. Mmoja anashika giaboksi, mwingine anatanguliza mtaimbo kwenye mwanya taratibu. Giaboksi ivutwe pembeni ikiwa imenyooka, mpaka shafti yake itoke yote katikati ya klachi. Hapa ndipo watu wanachoka na kuiacha ining'inie. Usiiache. Uzito wote unakaa kwenye ile shafti na klachi pleti inapinda. Ikishatoka, ishushe na jeki. Yule anayeongoza asiweke vidole katikati.

Hapo umeshusha. Kunywa maji.

Ukiwa umeifungua, angalia haya

Klachi pleti, presha pleti na rilizi beringi badilisha kwa pamoja hata kama moja inaonekana nzima. Kazi ya kushusha ni ile ile, na huwezi kurudi tena mwezi ujao kwa ajili ya beringi.

Flaiwili ipapase kwa ukucha. Ukihisi mifereji au ukiona madoa ya bluu na nyufa, ipelekwe kwa mchonga vyuma ikasawazishwe. Angalia sili ya nyuma ya injini. Kama kuna unyevu wa oili, ibadilishe sasa, pamoja na sili mbili za shafti kwenye giaboksi. Sili ni kitu cha bei ndogo kinachoweza kuharibu klachi mpya ndani ya wiki moja.

Vumbi la klachi usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Pleti za zamani zinaweza kuwa na asbestosi, na vumbi lake likiingia kwenye mapafu halitoki. Futa kwa kitambaa kilicholowa, kitambaa kifungwe kwenye mfuko kitupwe.

Kama ndani ya giaboksi yenyewe kuna tatizo, usiifungulie uwanjani. Wakati wa mavuno hewa yetu imejaa vumbi na pumba. Ipeleke ilivyo kwa fundi mwenye meza safi. Umeshaokoa gharama ya kuvutwa kwa gari zima mpaka mjini, hiyo peke yake ni faida.

Kurudisha

Kurudisha ni kinyume cha kushusha, ila pana sehemu tano zinazotaka utulivu.

1. *Klachi pleti ikae katikati.* Inakuja na kijiti cha plastiki cha kuiweka sawa. Kama hakipo, chonga mti mgumu uenee matundu yote mawili. Upande wenye springi zilizotokeza ndio unaotazama giaboksi, na mara nyingi umeandikwa. Vidole vyenye oili visiguse uso wa pleti. Bolti za presha pleti kaza kidogo kidogo kwa kupishana, kama unavyokaza nati za tairi, mpaka nyutoni mita 19 kwa injini ya 1NZ ya Probox.

2. *Grisi kiasi.* Paka utando mwembamba kwenye meno ya shafti ya giaboksi na pale uma unapogusa. Ikizidi itarushwa kwenye klachi.

3. *Bolti zisitumike kuvuta giaboksi.* Giaboksi ikinyooka vizuri inaingia kwa kusukuma na kutikisa, mpaka igusane na injini pande zote. Ikibakisha mwanya wa kidole, kuna kitu hakijakaa. Ukilazimisha kwa bolti utasikia mlio, na mlio huo ni sikio la alumini limekatika. Rudi nyuma, weka sawa, jaribu tena. Msaidizi akiweka gia moja na kuzungusha upande wa shafti polepole, meno hukutana.

4. *Nati zikazwe kwa kipimo.* Nati ya shafti ya 30 kwenye familia hii ya magari ni nyutoni mita 216, ikishakazwa igongwe tena isilegee. Iwe mpya kama unaipata. Nati za matairi ni nyutoni mita 103. Hendibreki ijaribiwe.

5. *Oili kabla ya kuwasha.* Giaboksi nyingi zimekufa kwa kusahauliwa jambo hili. Tumia oili ya gia ya 75W-90 yenye alama ya GL-4. Ile ya GL-5 inafaa difu, ila dawa zake zinaweza kula shaba ya vidude vinavyolainisha kuingia kwa gia. Jaza kupitia tundu la ubavuni gari likiwa limelala sawa, mpaka ianze kutoka kwenye tundu hilo.

Rudisha slevu silinda, kanyaga pedeli. Ikiwa laini sana, toa hewa. Washa gari likiwa bado kwenye stendi, hendibreki imevutwa, mtu asiwe chini. Ingiza gia zote moja moja, matairi ya mbele yazunguke. Kisha shusha, tembea uwanjani, halafu barabarani bila mzigo. Baada ya siku mbili angalia tena nati na kama pana uvujaji.

Ili usirudi huku mapema

Probox imepimwa kiwandani kubeba kilo 400 ikiwa na watu wawili, na kilo 250 ikiwa na watu watano. Gunia la mpunga la kilo 100 ukiyaweka manne, na wewe na mwenzako, umefika. Tunayoyaona barabarani ya magunia manane na vibarua juu, gharama yake inalipwa na klachi, kisha beringi, kisha shafti.

Tope ndilo adui wa pili. Gari likizama, usikae ukichezea klachi nusu nusu mpaka inuke. Dakika chache tu za namna hiyo zinaweza kumaliza pleti. Shusha mzigo, weka majani ya mpunga au mbao chini ya matairi ya mbele, toka. Kutoka jarubani mpaka barabarani mzigo ubebwe na pawatila yenye tela au mkokoteni wa ng'ombe, Probox ipokee kwenye barabara ngumu. Na mguu wa kushoto ukishabadili gia, utoke juu ya pedeli. Kuuegemeza tu kunaifanya rilizi beringi izunguke muda wote.

Piga hesabu yako

Usifanye kazi hii kwa sababu mimi nimeandika. Chukua daftari la shamba. Upande mmoja andika ada ya fundi, gharama ya kuvutwa gari na siku za kusubiri zamu gereji. Upande wa pili andika kukodi stendi na zana, siku mbili zako na za msaidizi, na thamani ya kazi ambayo ungeifanya shambani siku hizo. Kama upande wa pili ni mdogo na sharti la mahali na stendi umelitimiza, fanya. Kama huna stendi au huna mtu wa pili, mlipe fundi. Klachi mpya inauzwa Mwanjelwa. Kifua kilichokandamizwa na gari hakiuzwi popote.

Kwa vijana mlio kwenye vikundi, nashauri hivi: changeni mnunue stendi nne nzuri na jeki moja ya troli, ziwe za kikundi. Zitatumika kwa magari, matela na pawatila. Zana hizo zikitunzwa zitawahudumia misimu mingi, na hakuna mwanachama atakayelala tena chini ya tofali.

Nikipita shambani kwako ukiwa umekwama kwenye hatua yoyote, nisimamishe tuangalie pamoja. Kazi njema, na msimu mwema.